Mstari Mtupu wa Ukurasa wa 143

Nafasi tupu zinanikera. Nikiona ukurasa umeishia katikati, chini kweupe hakuna kitu, mwili unaniwasha mpaka nipazibe. Miaka kumi na minne nakaa nyuma ya kaunta mbele ya geti la chuo, kompyuta mbili, printa tatu na mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki ya moto, na kazi yangu ni kunyoosha tasnifu za watu mpaka ziingie kwenye PDF zikiwa na adabu. Wanafunzi wananiita Mama Pasi. Mtu analeta kurasa mia mbili alizoziandika kwa machozi, kila sura na fonti yake, namba za kurasa zinaanza upya katikati ya sura, picha imepanda juu ya maneno, nami nanyoosha kimoja kimoja. Nilikuwa najisifu, tena mbele za watu, kwamba hakuna faili lililowahi kunishinda.

Basi hili lilikuwa la wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo. Wifi ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao na kulazwa kwenye masanduku ya joto. Alikuwa anasomea shahada ya pili huku anafanya kazi, na tasnifu yake, kurasa mia mbili na kumi na mbili, ilihusu namna ya kuwapimia watoto hao dawa ya degedege. Walimpa likizo ya mwezi mmoja aimalize. Mwisho wa kuipandisha kwenye mtandao wa chuo ulikuwa Alhamisi saa kumi jioni, na anayechelewa anangoja mwaka mwingine.

Aliyemtesa ni bwana mmoja wa ofisi ya tasnifu. Sisi wa getini tunamwita Bwana Rula, maana hasomi hata neno. Anafungua PDF, anabandika rula juu ya kioo cha kompyuta, anapima pambizo. Mara ya kwanza alirudisha faili kwa sababu orodha ya yaliyomo ilitoka na maandishi ya hitilafu badala ya namba za kurasa. Nikaitengeneza. Mara ya pili fonti ya vichwa vya habari ilikuwa imejibadilisha yenyewe wakati wa kugeuza faili. Nikaipachika humo humo ndani isitoroke tena. Mara ya tatu, Jumatatu ya wiki hiyo, akaandika mstari mmoja tu: "Jedwali la 9 limekatika kurasa mbili. Hairuhusiwi."

"Wifi, huyu mtu atanitoa roho," akaniambia, amejishika kichwa.

"Tulia wewe. Niachie mimi. Kesho utakuta limekaa."

Laiti ningeufunga mdomo wangu.

Jedwali lenyewe lilikuwa ukurasa wa 143. Wifi anajua dawa, kompyuta hajui. Badala ya kuchora visanduku, kila uzito na chumba chake, alikuwa ametengeneza safu mbili ndefu, na kila akimaliza namba anabonyeza kitufe anashuka chini. Kushoto kulikuwa na uzito wa mtoto, mistari saba, kuanzia chini ya kilo moja. Kulia kulikuwa na kipimo cha dawa, mistari minane. Huo wa nane ndio uliodondokea ukurasa wa pili, namba moja peke yake yenye kinyota. Nikaangalia juu. Mstari wa kwanza wa kulia ulikuwa mtupu, hauna kitu.

Nikacheka. Nikasema kidole cha wifi kimeteleza. Saba kushoto, minane kulia, na wa juu mtupu. Sasa hapo kuna la kuuliza? Nikaufuta. Namba zote zikapanda hatua moja, ile ya nane ikarudi kwa wenzake, zikawa saba kwa saba, zimenyooka mpaka raha. Maelezo madogo ya chini ya jedwali yakabaki peke yake ukurasa wa 144, sikuyajali. Wala sikumpigia wifi simu, kwa sababu mimi ni Mama Pasi, na fundi gani anamuuliza mteja mkunjo huu niupige au niuache?

Ingeishia hapo tungekuwa tunacheka leo. Lakini kazi ilivyonipendeza, kiherehere kikanipanda. Wifi aliwahi kuniambia kwamba wodini kwao wanatumia kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, kimefutika, na kwamba daktari wao ameshalipitisha jedwali lake lichukue nafasi hiyo. Nikauchapa ukurasa wa 143 kwenye karatasi kubwa, herufi za kuonekana kutoka mlangoni, nikaifunika plastiki pande zote mbili, na chini nikaweka jina lake lote na cheo chake. Zawadi ya wifi kwa wifi. Jumanne jioni alipopita dukani nikampa, machozi yakamlengalenga.

"Wifi, umenipamba," akasema, akaikumbatia karatasi.

Akapita nayo wodini, akaitundika mwenyewe kando ya kabati la dawa, akaenda zake nyumbani. Hakuisoma. Jedwali lake mwenyewe, alilolisotea miezi sita, angelisoma la nini?

Alhamisi asubuhi Bwana Rula akalirudisha faili mara ya nne. Safari hii: "Ukurasa wa 144 una mistari miwili tu, chini ni nafasi tupu. Rekebisha." Hapo kwa mara ya kwanza tulikubaliana, mimi na yule bwana. Wifi alikuwa ameingia kwa msimamizi wake kufanya mazoezi ya kuitetea tasnifu, simu amezima, na mimi nilikuwa na siku nzima mbele yangu. Saa tatu na nusu nikafungua faili nikikusudia kuyapunguza herufi yale maelezo madogo ili yarudi chini ya jedwali lake. Na ili niyapunguze, ilibidi niyasome.

Yalisema hivi: "Palipoachwa wazi, mtoto wa uzito huo asipewe dawa hii, aitwe daktari. Namba yenye kinyota ni kikomo, si kipimo. Isipitwe kwa mtoto yeyote."

Nikapandisha macho nitafute palipoachwa wazi. Hapakuwepo. Nilikuwa nimepaziba mimi.

Nikalifungua faili la zamani, lile aliloniletea mara ya kwanza, nikayaweka mawili sambamba. Kwenye la wifi, mtoto wa chini ya kilo moja hakuwa na kitu mbele yake. Kwenye langu alikuwa na namba. Na wote waliomfuata chini walikuwa wamebebeshwa kipimo cha mkubwa wao, na yule mzito kabisa alikuwa amepewa kikomo chenyewe. Na karatasi hiyo ilikuwa ukutani tangu juzi, nimeifunika plastiki isifutike.

Nikapiga simu ya wifi. Imezimwa. Nikapiga simu ya hospitali, ikaita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena. Kulikuwa na kijana wa uhandisi anasubiri nakala zake, ananitazama.

"Mama Pasi, vipi, mbona umebadilika rangi?"

"Niache!"

"Na nakala zangu?"

"Jichapie mwenyewe!"

Nikatoka. Sikufunga duka, sikuchukua mkoba, nilikuwa na ndala miguuni na funguo mkononi. Hospitali iko mwisho wa barabara ile ile, dakika kumi za kutembea, na mimi sikuwa nimekimbia tangu nimzae mtoto wangu wa mwisho. Siku hiyo nilikimbia. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pumzi moja. Namtukana Bwana Rula, namtukana aliyebuni PDF, halafu narudi kwa Mungu namwambia usinifanyie hivi, chukua duka, chukua mashine, chukua miguu yangu hii, lakini asiwepo mtoto wa chini ya kilo moja mle ndani leo. Mmoja tu asiwepo. Nilijua ninachoomba ni upuuzi, maana ile wodi ni yao.

Getini mlinzi akanizuia kwa mkono.

"Saa ya kuona wagonjwa ni saa saba, mama."

"Kaka, nina karatasi ya wodi ya njiti."

"Iko wapi?"

Nikatazama mikono yangu. Funguo. "Iko ndani," nikasema. "Nimekuja kuitoa."

Akanikagua kuanzia ndala mpaka kichwani. Jasho lilikuwa linanitiririka, nahema.

"Mama, wewe unaumwa?"

"Naumwa."

"Si useme? Pita dirisha la mapokezi."

Nikapita dirisha la mapokezi kama sikuliona. Wodi ya njiti naijua, niliwahi kumpelekea wifi chakula mpaka mlangoni. Ni mwisho wa ukumbi mrefu, mlango wa vioo, na nje yake benchi la akina mama. Siku hiyo alikuwepo mmoja tu, mwanamke mdogo wa mwili, amevaa kanga mabegani, anatazama vidole vyake. Nikavua ndala, nikanawa mikono hadi viwiko kwenye sinki la mlangoni, nikavaa joho la kijani lililotundikwa pale, nikasukuma mlango. Joto la mle ndani likanipiga usoni.

Karatasi yangu ilikuwa pale pale, kando ya kabati, inang'aa. Mita mbili kutoka mlangoni. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, hata kwa hofu ile niliona ilivyokuwa nzuri.

Mwisho wa chumba, sista mmoja alikuwa ameinamia kitoto, amenipa mgongo. Mkono mmoja ameshika kibarakoa kidogo usoni mwa mtoto, mwingine anaminya mpira wa kupumulisha, anaachia, anaminya, anaachia. "Haya baba, haya," alikuwa anasema. "Pumua. Usinifanyie hivyo." Sista wa pili alikuwa kwenye simu ya ukutani, anamwambia mtu kwamba daktari anahitajika haraka.

Mimi nikanyoosha mkono nikabandua karatasi. Gundi ya kona ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Wewe nani?" yule wa kwenye simu akauliza.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Ulimi wangu wenyewe, bila kutumwa, ukasema: "Natoka kwa fundi wa kuchapa. Nimekuja kuibadilisha hii. Ina makosa madogo ya chapa."

Makosa madogo ya chapa. Nilisema hivyo, na mtoto yuko pale havuti pumzi.

"Haya toa, utuondokee hapa," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nikatoka na karatasi kwapani. Naomba nieleweke: nilikuwa nimeshatoka. Mlango umejifunga nyuma yangu, karatasi ninayo, hakuna nyingine duniani, na faili liko kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Ningerudi dukani, ningeurudisha ule mstari mtupu, ningeichoma ile plastiki nyuma ya choo, na hakuna mtu ambaye angejua mpaka nakufa. Nilikuwa nafikiri hayo yote waziwazi. Nilifikiri pia kwamba chini ya karatasi kuna jina la wifi, si langu. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

"Sista," yule mama wa kwenye benchi akaniita. Ni lile joho la kijani. "Sista, samahani. Mwanangu anaendeleaje?"

Nikasimama.

"Mimi si..." nikaanza.

"Jana alikuwa mzuri. Alinishika kidole." Akanionyesha kidole chenyewe, cha shahada. "Asubuhi akatikisika kidogo, wakampa dawa saa mbili. Tangu hapo kalala tu. Amelala mpaka anasahau kuvuta pumzi. Wanasema labda ameambukizwa kitu kwenye damu, wanatafuta dawa ya maambukizi. Kwani mtu anaambukizwa kwa saa moja, sista?"

"Ana kilo ngapi?" nikauliza.

"Kilo hana. Ana gramu mia tisa na thelathini."

Nikasukuma ule mlango kwa bega, nikapita kabati, nikaenda mpaka mwisho wa chumba, miguu mitupu, nikaiweka karatasi juu ya kimeza mbele ya yule sista wa mpira.

"Mmempa kutokana na hii?"

"Nimempa mimi," akasema bila kuacha kuminya. "Mstari wa kwanza. Kwani nini? Wewe si umeambiwa utoke?"

"Mstari wa kwanza ulikuwa mtupu. Hakutakiwa kupewa. Namba hiyo si yake, ni ya mtoto wa kilo moja na nusu. Zote zimepanda. Ni mimi nimezipandisha, wifi yangu aliandika sawasawa, mimi nimeufuta mstari ili jedwali lienee ukurasa mmoja. Ni mimi, sista. Si maambukizi. Ni dawa."

Mpira ulisimama nusu sekunde. Uso wa yule sista siwezi kuusahau. Alikuwa amehamia pale wiki hiyo hiyo kutoka wodi ya mifupa, nikaja kuambiwa baadaye, na aliiamini karatasi kwa sababu ilikuwa safi. Akaendelea kuminya. Mwenzake akaiacha simu ikining'inia.

"Mungu wangu," yule wa mpira akamwambia. "Mwite daktari mwenyewe. Kimbia. Mwambie ni dawa imezidi. Na wengine? Nani mwingine amepewa tangu Jumanne?"

Mwenzake akaenda akarudi mbio, akafungua daftari. Mimi nilisimama pale, hakuna aliyenifukuza tena, nikamwangalia sista akishusha kidole kwenye kurasa, jina baada ya jina. Hakukuwa na mwingine. Ni yeye tu. Ni huyo tu aliyetikisika.

Daktari alipokuja aliuliza maswali matatu, saa ngapi, kiasi gani, uzito gani, akaamuru hiki kiondolewe na kile kiletwe. Kisha akasema, si kwangu, kwa masista, kwamba dawa ile haina kitu cha kuifukuza. Itatoka mwilini taratibu yenyewe, na mpaka itoke mtoto hatapumua mwenyewe. Mashine ya kupumulia ya wodi ilikuwa na mtoto mwingine. Kwa hiyo ni mikono. Wabadilishane, wasiache hata dakika.

"Kwa saa ngapi?" sista akauliza.

"Sijui. Mpaka atakaposhtuka."

Mama wa mtoto alikuwa amesimama kwenye kioo cha mlango. Nilitoka nikamwambia. Nilimwambia mwenyewe, maana niliogopa nikingoja wengine wamwambie nitakuwa nimeshakimbia. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kwa nini uliufuta?" Na mimi, mwenye mdomo ninaojulikana nao mtaa mzima, nikamjibu lile la kweli tu.

"Niliona hapapendezi."

Akanitazama, akageuka akarudi kwenye kioo chake.

Wifi alifika saa sita. Alikuwa amewasha simu akakuta wodini wamempigia mara kumi na tisa. Alikuja na nguo zake za kujitetea, blauzi nyeupe na viatu vya kisigino, akanikuta nimekaa sakafuni karibu na sinki. Nilimweleza. Nilitegemea anipige, na kusema kweli ningependa anipige.

"Nilikupa kurasa mia mbili na kumi na mbili," akasema polepole. "Zote uliweza kuzigusa. Zote, wifi. Ukagusa hiyo."

"Nisamehe."

"Nyamaza." Akavua viatu. "Na mimi nikaitundika kwa mkono wangu bila kuisoma. Nyamaza kabisa, usiseme neno."

Akanawa, akaingia, akampokea mwenzake mpira. Nilimwona kwenye kioo. Minya, achia. Minya, achia. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Katika kazi yangu nilizoea kuiogopa saa kumi ya Alhamisi, nimeona watu wazima wanalia kwenye kaunta yangu kwa sababu yake. Saa tisa na nusu wifi alitoka kunywa maji, vidole vimekakamaa havikunjuki vizuri, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba bado kuna nusu saa, naweza kuurudisha mstari, naweza kukimbia nikalipandisha faili.

"Jedwali likirudi kama lilivyokuwa, litakatika kurasa mbili," akasema. "Atalikataa."

"Nitalibana vingine."

"Ukiligusa faili lile leo, wifi, mimi na wewe basi." Akaweka kikombe chini, akarudi ndani. Saa kumi kamili alikuwa ameinama juu ya mtoto wa watu, mwaka wake mzima unakwenda na maji huko mtandaoni, wala hakuitazama saa.

Saa kumi na moja kasoro nikasikia sista mmoja anasema, "Ngoja. Ngoja, acha kwanza." Mama wa mtoto alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. Nilifumba macho, nikawa nahesabu, moja, mbili, tatu, nne, na niliogopa namba inayofuata kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote maishani. Nilipofika saba nikasikia kitu chembamba, kikavu, si kilio hasa. Wifi akaketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

Tangu siku hiyo wifi hajaniambia neno zaidi ya salamu. Hospitali ilimwita, ikaniita na mimi, nikaandika maelezo yangu kwa mkono na nikayatia saini. Tasnifu yake itaingia mwaka ujao, na kaka yangu ndiye anayenipa habari zake. Mashine ya plastiki nimeifunika kwa kitambaa. Wateja wanaopungua siwalaumu, na wanaobaki ninawachosha kwa maswali: hapa umeacha makusudi? Na hapa je? Una hakika?

Juzi nilikuwa dukani peke yangu, mchana, nikaona mtu anavuka barabara, mdogo wa mwili, kanga mabegani. Nilimtambua kabla hajafika. Nilisema mtoto amekufa, amekuja kuniambia, na nikatazama mlango wa nyuma. Naukiri huo pia.

Akasimama mbele ya kaunta. Akaweka fomu mbili.

"Hizi ni za kazini kwangu, kiwanda cha nguo," akasema. "Wanataka zipigwe kwenye kompyuta, waniongezee likizo. Bado tuko wodini."

"Bado mko..." "Anaendeleaje?"

"Ana kilo moja na gramu mia mbili." Hakutabasamu. "Kuna maduka mengine hapa. Nimekuja kwako. Andika, na ukiandika unisomee kwa sauti. Kila mstari."

Nikaandika. Nikasoma. Jina la mama. Idara. Tarehe ya kujifungua.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena. Uzito wa kuzaliwa, gramu mia tisa na thelathini.

"Tena."

"Gramu mia tisa na thelathini."

Nikafika kwenye mstari wa jina la mtoto. Kwenye karatasi yake, aliyoijaza kwa kalamu, mbele yake hapakuwa na kitu. Mkono ukasimama juu ya kibodi. Nikainua macho.

"Hapa pako wazi," nikasema. "Umeacha makusudi?"

"Nimeacha makusudi. Tutapajaza siku tukitoka naye." Akainama juu ya kaunta mpaka akaweza kukiona kioo cha kompyuta. "Hapo paache hivyo hivyo."

"Napaacha."

"Nisomee."

"Jina la mtoto," nikasoma, halafu nikanyamaza muda ule ambao jina lingechukua, kisha nikaenda mstari unaofuata. Akatikisa kichwa kukubali. Nikachapa nakala mbili, akazisoma zote mbili kwa kidole, juu mpaka chini, akazikunja na kuondoka.